Gaidi alikuta shamba limeshalimwa

Najua nimepotea, msinirushie mawe. Majaribio yamebana, madesa yamerundikana mezani na bumu lenyewe limechelewa kama kawaida yake. Lakini wiki hii kuna ubishi umenikera mpaka nimeona niuandike, maana pale kwenye vimbweta kila mtu anaongea kwa sauti ya juu na hakuna anayesikiliza.

Ubishi wenyewe ni huu: kwa nini vijana wa Cabo Delgado, hapo ng'ambo ya Mto Ruvuma tu, walishika mapanga na bunduki wakaanza kuchinja watu? Kundi moja linasema ni dini, basi, mjadala umefungwa. Kundi la pili linasema ni umaskini, mpe kijana kazi ataacha. Mimi nasema wote wawili wameshika mkia wakadhani wameshika tembo mzima. Dini ilitumika, kweli. Umaskini upo, tena wa kutisha. Ila kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi kabisa, na huyo ndiye aliyelima shamba lote, gaidi akaja kumwaga mbegu tu. Huyo ni serikali yenyewe.

Kabla hamjanirukia: sisemi aliyechinja hana kosa. Nitafika huko, tulieni.

Mimi ni mtu wa kusini, wengi mnajua. Kwetu Mtwara Msumbiji siyo nchi ya kwenye ramani. Ni shangazi aliyeolewa kule, ni binamu anayepeleka nguo na vyombo akarudi na samaki wakavu. Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na ukishuka pwani, kule Palma na Mocímboa da Praia, watu wanaongea Kimwani na Kiswahili. Ukimsalimia mtu anakuitikia kama yuko Mikindani. Kwa hiyo mtu akiniambia "wale ni washenzi tu wamezaliwa hivyo", naona anawasema watu wa kwetu.

Sasa ebu tuangalie historia kidogo (walimu wa historia mnisamehe nikiruka hatua). Frelimo ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962. Vita vya ukombozi vilianzia Chai, Cabo Delgado, Septemba 1964. Yaani jimbo hili ndilo lililowabeba wapigania uhuru mgongoni. Uhuru ulipatikana 1975 na chama ni kile kile kimetawala mpaka leo. Halafu jimbo lenyewe likapata jina la utani, Cabo Esquecido, yaani Rasi Iliyosahauliwa. Maputo iko mwisho mwingine wa nchi, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Kutoka Palma, Dar es Salaam ni karibu zaidi kuliko mji mkuu wao wenyewe!

Na serikali ilipofika huko ilifika ikiongea Kireno. Hili watu wanalipuuza sana. Sisi tumezoea kwenda kwa mtendaji wa kata ukamwaga malalamiko yako kwa Kiswahili, hata ukamgombeza ukitaka. Mvuvi wa Kimwani ambaye hakusoma shule akienda kituo cha polisi, mahakamani au ofisi ya ardhi anakutana na karatasi za Kireno na afisa ambaye mara nyingi ametoka jimbo la mbali. Hawezi hata kulalamika vizuri. Anabaki kutafuta mtu wa kumsemea, na huyo mtu naye anataka chochote.

Haya, njoo kwenye mali. Mwaka 2009 rubi ziligunduliwa Namanhumbir, wilaya ya Montepuez. Siyo rubi za kubahatisha, ni moja ya machimbo makubwa kabisa duniani. Vijana wakamiminika na sururu, wa kwao na wa kwetu, Watanzania walikuwepo wengi tu. Kibali kikaenda kwa kampuni moja, Montepuez Ruby Mining: asilimia 75 ya Gemfields ya Uingereza, asilimia 25 ya kampuni ya nyumbani iitwayo Mwiriti, ambayo mmoja wa wakubwa wake ni Jenerali Raimundo Pachinuapa, mkongwe wa vita vya ukombozi na mtu mzito wa Frelimo. Wachimbaji wadogo wakageuka wezi kwenye ardhi waliyozaliwa. Wakapigwa, wakachomewa vibanda, na wengine waliuawa. Siyo maneno ya kijiweni haya: mwaka 2019 Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza kesi ya walalamikaji 273 huko London, bila kukiri kuwa na hatia, ila ikakubali kwamba matukio ya ukatili yalitokea kule. Na mwanzoni mwa 2017 serikali ya Msumbiji ikafanya operesheni kubwa ya kufukuza wachimbaji Montepuez. Maelfu wakasombwa. Watanzania waliorudi kupitia Mtwara walikuja na hadithi za kunyang'anywa kila kitu mpaka viatu.

Angalieni tarehe hapo. Operesheni, mwanzoni mwa 2017. Shambulio la kwanza la kundi, Oktoba 2017. Sisemi waliofukuzwa ndio walioshambulia, hilo siwezi kulithibitisha. Nasema mwaka huo jimbo lilikuwa limejaa vijana wa kiume wasio na kitu, waliotoka kupigwa na askari, na ambao hawakuwa na ofisi hata moja ya kwenda kulalamika.

Gesi nayo ikawa hivyo hivyo. Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ikapata gesi nyingi mno kwenye bahari ya Palma, mradi ambao Total ya Ufaransa ilikuja kuuchukua 2019, gharama yake dola bilioni 20. Watu wa kijiji cha Quitupo kwenye rasi ya Afungi wakahamishwa kupisha mtambo, wakajengewa nyumba mpya Quitunda. Nyumba nzuri, za matofali, zina umeme. Tatizo ni kwamba ni wavuvi, na wamewekwa mbali na bahari waliyoizoea. Yaani unampa mvuvi sebule unamnyima pwani, halafu unashangaa hashukuru.

Lakini kituko cha vituko ni cha pesa, na hapa naomba tukae kidogo maana ndipo watu wengi hawapajui.

Kati ya 2013 na 2014 watu wachache ndani ya serikali ya Msumbiji walikopa kama dola bilioni 2 kutoka Credit Suisse na benki ya Urusi iitwayo VTB. Bunge halikuambiwa. Mikopo ilipitishwa kwenye kampuni tatu za serikali. Moja iliitwa Ematum, dola milioni 850, eti ya kuvua jodari. Nyingine MAM, dola milioni 535, karakana ya meli. Na ya tatu, shikeni viti vyenu, iliitwa ProIndicus, dola milioni 622, kazi yake kununua rada na boti za doria ili KULINDA PWANI. Pwani ile ile. Kaskazini ile ile yenye gesi.

Siri ilifichuka kabisa Aprili 2016. IMF na wahisani wakakata misaada, sarafu yao ikaporomoka, bei za vitu zikapanda, bajeti ya shule na hospitali ikabanwa. Waziri wa fedha aliyeweka sahihi, Manuel Chang, alikamatwa Afrika Kusini Desemba 2018, akahukumiwa New York, Januari 2025 akapewa kifungo cha miaka minane na nusu. Mtoto wa rais wa zamani, Ndambi Guebuza, alihukumiwa Maputo Desemba 2022, miaka 12. Meli za jodari zilikaa bandarini zinaota kutu.

Halafu Agosti 2020 wapiganaji wakavamia Mocímboa da Praia. Iliripotiwa wakati ule kwamba wanamaji waliokuwa wanalinda bandari waliishiwa risasi. Risasi! Nchi iliyokopa zaidi ya dola milioni 600 kwa jina la ulinzi wa pwani, askari wake wanaishiwa risasi bandarini. Mji ukaanguka, na ukabaki mikononi mwa wale watu kwa karibu mwaka mzima, mpaka Agosti 2021. Sasa mshkaji wangu anayesema rushwa ni suala la uchumi na ugaidi ni suala la usalama, mambo mawili tofauti, semina mbili tofauti... ndugu yangu, hapo unazitenganishaje?

Nirudi nyuma kidogo, kwenye dini, maana kundi la kwanza nalo lisikie.

Kundi hili halikuanza na bunduki. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na vijana wa madhehebu mapya huko Cabo Delgado waliogombana na wazee misikitini. Waliingia na viatu, wakakataza watoto wasiende shule za serikali, wakasema mahakama za serikali zisifuatwe. Na nani aliyewapinga wa kwanza? Waislamu wenzao. Masheikh na viongozi wa Baraza la Kiislamu walipeleka malalamiko serikalini mara kadhaa, kwamba jamani, hawa vijana wanatutisha. Serikali ikaliona kama ugomvi wa waumini. Wakati mwingine ilikamata wachache ikawaachia, kisha ikalala.

Tarehe 5 Oktoba 2017 alfajiri, watu kama 30 wakashambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Vituo vya polisi. Kama ni dini tu, kama ni chuki ya Mwislamu dhidi ya Mkristo tu, mbona hawakuanzia kanisani? Walianzia pale ambapo serikali ilikuwa inaonekana kwa macho. Wenyeji wakawaita Al-Shabaab, ingawa siyo wale wa Somalia.

Na sasa serikali iliyokuwa imelala ikaamka, ikaamka vibaya. Misikiti ikafungwa. Mamia wakakamatwa, na ukiwa na kanzu na ndevu ulikuwa na kazi ya kujieleza. Masheikh wale wale waliotoa taarifa mapema wakajikuta waumini wao wanaburuzwa pamoja na wahalifu. Hebu jiweke kwenye viatu vya mzee wa msikiti: ulionya hukusikilizwa, likitokea unashukiwa wewe. Ukisikia kitu kesho, utakwenda kusema?

Waandishi nao wakafuata. Amade Abubacar wa redio ya jamii alikamatwa Macomia Januari 2019 akiwa anawahoji watu waliokimbia makazi yao, akakaa ndani mpaka Aprili. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alitoweka tarehe 7 Aprili 2020, ujumbe wake wa mwisho kwa simu ulisema amezungukwa na wanajeshi. Septemba 2020 ikasambaa video ya mwanamke aliye uchi akikimbia barabarani, watu waliovaa sare za jeshi wakampiga fimbo na kummiminia risasi. Amnesty International wakaichunguza wakasema ni askari wa serikali. Serikali ikasema ni propaganda ya magaidi. Sijaitazama mpaka mwisho na siwashauri mtazame. Ila nyinyi mnadhani kijana wa kijiji kile aliambiwa nini na waandikishaji wa kundi wiki iliyofuata? Hawakuhitaji hata kutunga mahubiri.

Kwa wale wanaopenda takwimu: mwaka 2017 UNDP ilitoa utafiti mkubwa, waliwahoji watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi ya namna hii Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Asilimia 71, siyo 17. Na zaidi ya nusu, asilimia 57, walikiri hawaelewi maandiko ya dini, au wanaelewa kidogo tu. Tena waliosoma dini kwa miaka sita na kuendelea walikuwa na uwezekano MDOGO wa kujiunga. Walipofanya utafiti mwingine wakautoa 2023, robo ya waliojiunga walitaja ajira kuwa ndiyo sababu kuu. Kwa hiyo ndugu zangu wa kundi la umaskini mna sehemu yenu, siwanyimi. Ila anayesukuma mlango mara ya mwisho mara nyingi amevaa sare.

Nigeria ni hadithi hiyo hiyo kwa lafudhi nyingine. Juni 2009 Maiduguri, wafuasi wa Mohammed Yusuf walikuwa kwenye msafara wa mazishi, wakagombana na askari kuhusu kuvaa helmeti za pikipiki, wakapigwa risasi, 17 wakajeruhiwa. Helmeti! Mwezi uliofuata mapigano yakalipuka, watu zaidi ya 800 wakafa. Yusuf mwenyewe alikamatwa na jeshi akiwa hai, akakabidhiwa polisi, na tarehe 30 Julai akauawa akiwa mikononi mwao bila kupelekwa mahakamani. Wakubwa wakapumua, wakadhani wamemaliza. Aliyefuata alikuwa Abubakar Shekau, na yaliyofuata baada ya hapo mnayajua.

Sasa ile hoja niliyowaahidi. Kuna dada mmoja wa mwaka wa tatu, namheshimu sana kichwa chake, aliniambia: "Wewe unawatafutia visingizio wauaji." Hapana dada. Aprili 2020 kijiji cha Xitaxi, wilaya ya Muidumbe, kundi hilo liliwataka vijana wajiunge, wakakataa, na vijana 52 wakauawa. Hao 52 walikuwa maskini wale wale, wamesahauliwa na serikali ile ile, na wakasema hapana huku wanaangalia panga. Kwa hiyo anayechinja amechagua, na damu iko mikononi mwake. Wala siwezi kusahau wenzetu wa Garissa: tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa, 142 kati yao wanafunzi kama mimi na wewe, wengine waliamshwa mabwenini. Hakuna dhuluma ya serikali yoyote inayohalalisha kumwamsha binti usingizini ili umuue. Hata pale Garissa lakini, tahadhari zilikuwa zimetolewa kabla, na kikosi maalumu kikafika mchana wakati shambulio lilianza alfajiri. Mwenye kosa la kuua ni muuaji. Mwenye kosa la kuchelewa yuko wapi? Kumhukumu muuaji hakunizuii kuuliza swali la pili.

Hoja nyingine, na hii ndiyo iliyonifikirisha kweli. Jamaa mmoja aliniuliza: kama ni kudhulumiwa gesi, mbona nyinyi Mtwara hamkushika mapanga?

Swali zuri. Mtwara 2013 tulikasirika kweli. Januari watu waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na Mei baada ya bajeti ya nishati kusomwa mji ukawaka moto, nyumba zikachomwa, watu wakafa, wanajeshi wakaletwa. Mambo ya kipigo yaliyotokea siku zile watu wa nyumbani wanayasimulia mpaka leo, siyo mazuri. Lakini haikuwa vita. Mimi ninavyoona, ni kwa sababu tulikuwa na pa kutolea hasira. Serikali tuliigombeza kwa lugha yake, ambayo ndiyo lugha yetu. Mbunge alizomewa mkutanoni akaelewa kila neno. Na mwaka 2015 Mtwara Mjini wakampigia kura mgombea wa upinzani, wa CUF, akashinda, na akatangazwa. Hilo neno "akatangazwa" msilichukulie kirahisi.

Linganisha na kule. Novemba 2000 wafuasi wa Renamo waliandamana kupinga matokeo ya uchaguzi, Montepuez ikawa na vurugu zilizoua, polisi wakasomba watu wakawajaza mahabusu, na wafungwa zaidi ya 80 wakafa kwa kukosa hewa. Ndani ya chumba cha polisi. Mwaka 2005 Mocímboa da Praia wakagombania matokeo ya umeya, damu ikamwagika tena. Yaani miji hiyo miwili mnayoisikia leo, mmoja wa rubi na mwingine wa magaidi, ilishajaribu kura na maandamano, na ikaona majibu yake. Kijana aliyezaliwa 1995 Mocímboa alikua akijua kwamba kura haifanyi kazi, kituo cha polisi kinaua, na jenerali ana rubi. Akija mtu akamwambia "serikali hii ni ya makafiri, ikatae", ile sehemu ya kukataa hahitaji kuelekezwa. Anaijua tayari.

Kwa hiyo simsemi jirani ili nijisifu. Na sisi tunacheza na moto huo huo. Kibiti, 2016 na 2017, polisi na viongozi wa vijiji waliuawa mmoja mmoja, Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa siku moja. Ilibidi serikali ichukue hatua, nani angekataa? Lakini baada ya operesheni kukabaki familia zinazouliza jamaa zao wako wapi. Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa anaandika habari hizo za Kibiti, alitoweka Novemba 2017. Mwaka 2019 waziri mmoja wa Tanzania akasema kwenye mahojiano na BBC kwamba alitoweka na kufariki, kisha ikasemwa alinukuliwa vibaya. Mke wake abaki na jibu lipi? Na Oktoba 2020 wapiganaji wakavuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, huko kwetu Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Kati yao kulikuwa na wanaoongea Kiswahili chetu hiki hiki. Walitoka wapi hao, na kitu gani kiliwatoa? Hatuulizi kwa sauti, maana anayeuliza naye anaweza kuulizwa.

Sasa dawa. Msumbiji walijaribu bunduki za kila rangi. Mwaka 2019 walileta Warusi wa Wagner, wakapigwa wakaondoka. Wakaleta kampuni ya Afrika Kusini ya helikopta, Dyck, ambayo Amnesty ikaituhumu kupiga raia (wao wakakana). Machi 2021 Palma ikavamiwa, na mamia ya askari walikuwa Afungi, kilomita chache tu, wanalinda eneo la mradi. Mji ukaungua, mtambo ukabaki salama. Total ikasimamisha kazi. Julai 2021 wakaja Wanyarwanda, kama elfu moja, pamoja na jeshi la SADC ambalo Tanzania nayo ilipeleka askari, na ndani ya wiki chache Mocímboa ikakombolewa. Watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamekimbia makwao kufikia 2022.

Wanyarwanda wanasifiwa sana kule, na siyo kwa kupiga tu. Wenyeji wanasema wale askari wanasimama kuongea, na baadhi yao wanaongea Kiswahili. Nilipoisoma hiyo nilicheka kwa uchungu. Askari wa kigeni kutoka Kigali anamsalimia bibi wa Mocímboa bibi akaelewa, na askari wa nchi yake mwenyewe hawezi. Miaka hamsini ya uhuru!

Jeshi la SADC liliondoka 2024. Wanyarwanda walibaki, na mwaka 2025 bado vijiji vilikuwa vinashambuliwa na watu wanakimbia na vitanda kichwani. Kwa hiyo wale mnaosema "ongeza jeshi", sikatai jeshi, bila jeshi Mocímboa isingerudi. Naulizia tu yule mwingine anayepaswa kuja nyuma ya jeshi. Hakimu anayeelewa Kimwani. Karani wa vitambulisho asiyedai chai. Mkuu wa polisi anayeweza kushtakiwa. Huyo hajaletwa na ndege yoyote mpaka sasa.

Mwishoni mwa 2025 Total ilitangaza kwamba zuio la mwaka 2021 limeondolewa na mradi unarudi. Watasema maendeleo yamefika, kutakuwa na picha za mawaziri wamevaa kofia ngumu. Mimi nitakuwa naangalia mambo mawili: kama wale wa Quitunda wamepata njia ya kufika baharini, na kama kuna mtu yeyote serikalini ameisimamia familia ya Ibraimo Mbaruco akaiambia mtoto wao yuko wapi.